Shangazi wa Sakafu

Mtu asiyemjua Shangazi, akimkuta njiani anarudi kutoka soko la Kongowea, angemhurumia. Alitembea akiyumba, mkono mmoja kiunoni, akiyalaumu magoti yake kwa sauti kama mtu anayegombana na watoto. Kila kwenye kivuli alisimama akapumua. Watoto wa Kisauni walikimbia kumpokea kikapu, naye aliwaombea dua ndefu mpaka wakajuta kumpokea.

Lakini mvishe viatu vya magurudumu umwache aingie Sakafuni! Subhanallah! Magoti yale yale yalisahau ugomvi wao. Buibui lake alilikaza kwa pini kubwa ili lisiburuzike, filimbi ilining'inia kifuani, na mama yule mnene alikwenda kinyumenyume kwa kasi, bila kutazama nyuma, akipita katikati ya vijana kama sindano kwenye kitambaa. Alipofika pembeni aliinama kidogo tu, akageuka, akaja mbele. Sijaona tena kitu kama kile, na nimeishi miaka mingi kwa fadhila za Mola.

Tulimwita Shangazi kwa sababu watoto wa kaka zake ndivyo walivyomwita, nasi wengine tukafuata, hata wazee waliomzidi umri. Sakafuni palikuwa pahali pao, pa familia yao. Ulikuwa uwanja wa kuserereka kwa viatu vya magurudumu, wa pekee niliopata kuuona upande wetu huu wa Kisauni. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani, na chuo changu kilipakana na uwanja ule kwa ukuta mmoja wa mawe. Ukuta ulizuia macho, haukuzuia masikio. Watoto wangu walisoma alifu kwa mdundo wa magurudumu ya jirani. Nilijaribu kuwakataza, nikachoka, kisha nikaona kwamba wanahifadhi upesi zaidi, nikamshukuru Mungu nikanyamaza.

Sakafu yenyewe haikumwagwa kwa ajili ya mchezo. Marehemu baba yao alikuwa na minazi, na aliimwaga ili aanike mbata, zile nazi zilizokaushwa za kukamulia mafuta. Aliita majirani kwa msaragambo, wakakoroga saruji na kumwaga tangu alfajiri hadi magharibi, siku moja tu, kwa sababu hakutaka iwe na kiungo hata kimoja. Alisema mbata ikiingia kwenye ufa huota uvundo. Ndivyo tulivyopata, bila kujua, sakafu pana isiyo na mshono, laini kama kiganja. Biashara ya mbata ilipodorora, hoteli moja ya ufuoni kule Bamburi ilikuwa ikifunga chumba chake cha michezo, na vitu vyake vikauzwa. Mzee akarudi na magunia ya viatu vya magurudumu. Mkewe, Mungu amrehemu, alimuuliza, "Hivi ni vya nini, baba watoto?" Akajibu, "Sijui. Lakini sijapata kuona kiatu kinachokataa kusimama."

Shangazi, wakati huo msichana, ndiye aliyevivaa wa kwanza. Alijifunza kwa kushika kamba ya kuanikia nguo, na nguo za nyumba nzima zikaanguka pamoja naye. Baadaye aliwafundisha kaka yake mkubwa na mdogo wao, na baada yao mji mzima.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa moja. Alikupigia kelele neno moja: "Inama!" Alikuwa na hakika kwamba anayesimama wima ndiye anayeanguka. "Inama kama unamwamkia mkubwa wako," alisema. "Hujawahi kumwamkia mkubwa wewe?" Nakumbuka bwana mmoja mgeni, mtu wa ofisi, amevaa tai, kifua mbele. Alikuwa ametoka bara karibuni na alitaka kuwaonyesha watoto wake kwamba jambo hili ni dogo.

"Inama, baba," Shangazi akamwambia.

"Mama, mimi najua. Nilicheza mpira shuleni."

"Mpira huchezwa na anayesimama. Hapa panachezwa na anayeinama. Inama."

"Nimeshainama."

"Umeinamisha macho. Mgongo wako bado unatoa amri."

Hakumaliza mduara. Alikwenda chini kwa makalio, tai ikapanda begani, na watoto wake mwenyewe ndio waliocheka zaidi. Shangazi alimzunguka mara moja, akasimama mbele yake. "Kuanguka si aibu, baba. Aibu ni kumshika mwenzio ukianguka. Wewe hukumshika mtu. Wewe ni muungwana. Amka, shikamoo ya kwanza nipe mimi." Bwana yule akasema shikamoo akiwa amepiga magoti, na tangu hapo alikuja kila Jumapili. Mimi nililichukua neno lile nikalipeleka chuoni. Nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba rukuu ina faida zake duniani pia.

Alikuwa na mambo yake ya kugongana, kama binadamu yeyote. Huyu aliyekwenda kinyumenyume kwa kasi ile alikuwa akiogopa baiskeli. Hakupanda hata siku moja, hata kubebwa nyuma. "Chuma kile kina magurudumu mawili tu," alisema, "na yote mawili yanamtegemea mtu mwingine." Alikuwa bahili wa kamba za viatu kuliko bahili yeyote niliyemsikia. Alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, akaziosha na kuzipiga pasi. Aliyekata kamba alisutwa mpaka kwao wakasikia. Lakini mama yake huyo aliyekata kamba akiugua, sufuria ya uji wa mtama ilikuwa imeshafika kabla ya daktari, na Shangazi mwenyewe nyuma yake akilalamikia ile kamba.

Kupaka nta sakafu kulikuwa sherehe. Alimwaga nta, akatandika magunia, akawaketisha watoto wadogo juu yake, na vijana wakayavuta magunia yale mbio kutoka ukuta hadi ukuta. Kelele zao! Waliokuwa wamekalia magunia walikuwa wakisugua sakafu, na walidhani wanabembea. Magurudumu aliyatia mafuta ya cherehani, tone moja moja, akisema bismillahi kwa kila tone.

Na wakati wa sala hakuwa na mchezo. Muadhini akianza tu, filimbi ililia na magurudumu yote yakanyamaza. Nilipenda kukisikia kimya kile kutoka upande wangu wa ukuta. Siku moja kijana mmoja, kwa kuogopa kukosa rakaa, alikuja na viatu vyake miguuni mpaka kwenye baraza la msikiti, akashindwa kujizuia, akapita mlango na kujishika kwenye nguzo. Wazee wakasema lahaula. Shangazi alipofikiwa na habari alimwita.

"Uliambiwa uende msikitini upesi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Upesi ni wa moyo. Miguu huvua viatu."

Sasa niseme jambo ambalo kwa hilo hasa nimeishika kalamu.

Baba yao alifariki katikati ya miaka ya themanini, mkewe akiwa amemtangulia. Aliacha watoto watatu, kaka mkubwa, Shangazi, na mdogo wao. Kaka alifanya kazi bandarini, mtu wa hesabu na haraka, na nia yake ilikuwa kujenga vyumba vya kupangisha, kwa kuwa wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakitafuta malazi kila upande, kutoka Kisauni hadi Kiembeni. Mdogo wao alipenda muziki na spika kubwa. Walinijia wakaniomba niwagawie mirathi kwa mujibu wa sheria. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kila mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, jumla mafungu matano. Nikawaambia hivyo. Wakashukuru wakaondoka.

Sikujua wangefanya nini nayo. Kwa uchamungu wao, na kwa kutotaka mtu yeyote adhulumiwe hata shubiri, walichukua kamba na rangi nyekundu wakaigawa sakafu! Waliipima kwa uaminifu mkubwa. Mistari miwili ya rangi ilipita juu ya ile sakafu isiyo na mshono. Mafungu mawili ya kaka yalikuwa upande wa barabara, mawili ya mdogo katikati, na fungu la Shangazi lilikuwa kule mwisho, kwenye kona ya choo.

Wiki ile ilikuwa kichekesho. Mdogo aliweka spika kwenye mpaka wake. Kaka alizungushia kamba upande wake akapanga matofali. Na Shangazi, kwenye kona yake, aliwazungusha watoto kama uji ndani ya kikombe. Walikuwa wakigongana vichwa. Yeye hakusema kitu kwa kaka zake. Alinijia chuoni, akapiga hodi, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, haki yangu nimepewa. Sina la kulalamika."

"Alhamdulillahi."

"Nakuuliza jambo la elimu tu. Ngamia wa urithi hukatwa vipande?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba wanavyuoni wamesema kitu ambacho kikikatwa manufaa yake hupotea, basi hakikatwi, bali wenyewe hukitumia kwa zamu, huyu siku yake na huyu siku yake, kwa kadiri ya mafungu yao. Nikamwambia, "Acha niwaite kaka zako leo hii niwaeleze."

Akatikisa kichwa. "La, Mwalimu. Ngoja nikuite mimi. Kaka zangu nawajua. Hawasikii kitabu mpaka waanguke kwanza."

Siku ya kaka kujenga ukuta kwenye mpaka wake ilipofika, baada ya sala ya alasiri, nikaitwa. Fundi alikuwa ameshakoroga. Watu walijaa, kwa kuwa habari haikai Kisauni, na watoto walipanda hata juu ya ukuta wa chuo changu. Nilijua, na kila aliyekuwepo alijua, kwamba tofali la kwanza likilala juu ya mstari ule Sakafuni pamekwisha. Shangazi alitoka na jozi mbili za viatu mkononi, na jozi moja miguuni.

"Kaka," akasema, "naomba jambo moja, kisha fundi aendelee. Kila mrithi azunguke katika fungu lake. Mara moja. Asivuke mstari. Ukiweza, mimi mwenyewe nitambebea fundi matofali."

"Una wazimu," kaka akasema. "Mimi mtu mzima. Nina wajukuu."

"Una wajukuu na una urithi. Unauonea haya urithi wako?"

Umati ukapiga kelele. Mtu mmoja nyuma akaita, "Mzee anaogopa!" Na mwingine, "Muacheni, magoti ya bandarini hayo, yamezoea winchi!" Kaka akanitazama mimi, kana kwamba sheria itamwokoa. Nikamwambia sioni kizuizi. Basi akakunja kanzu, akakaa juu ya matofali yake, akavaa.

Mdogo alianza. Alikuwa hodari, lakini kati ya mistari ile miwili fungu lake lilikuwa jembamba kama uchochoro, na kila alipotaka kugeuka mstari ulimfikia kabla hajainama. Akaenda kwa hatua ndogo ndogo, ulimi nje. Kisha kaka akasukuma mguu. Alisukuma kwa hasira, na sakafu ile ilikuwa imepakwa nta asubuhi yake, maana Shangazi hakuwa mtu wa kuacha mambo yajiendee. Kaka alikwenda. Alisimama wima, kifua mbele, mikono angani, akaupita mstari wa kwanza bila hata kuuona.

"Inama!" watu wote wakapiga kelele, hata fundi.

Akamshika mdogo wake. Wakaenda wote wawili, wameshikana kama ndugu siku ya Idi, wakazunguka, wakaupita mstari wa pili, wakaanguka miguuni pa dada yao kwenye kona ya choo.

Shangazi akawatazama.

"Karibuni," akasema. "Lakini kwangu watu hupiga hodi."

Aliyeanza kucheka alikuwa kaka mkubwa. Alicheka mpaka machozi, akiwa amekaa pale chini, kofia imeruka. Kisha kicheko kikapungua, nikamwona anaipapasa sakafu kwa kiganja, taratibu, huku na huku, mpaka kwenye mstari na ng'ambo yake.

"Haina hata ufa," akasema.

"Siku ile wewe ulikuwa ukiteka maji," Shangazi akamwambia. "Baba alisema ukichelewa na ndoo sakafu itapata mshono. Ulikimbia mpaka ukatapika."

Shangazi akageuka, akaniambia, "Haya, Mwalimu. Sema sasa. Sasa watasikia."

Nikasema. Nikawaeleza habari ya zamu, na kwamba fungu la mtu si lazima liwe udongo, laweza kuwa siku. Na hapo ndipo furaha ilipotushika sote, maana mafungu ni matano na siku ni saba. Ijumaa wakasema ni ya Mungu, pafungwe. Iliyobaki juu ya zile tano ikawa Jumatano, na kaka mwenyewe, yule wa matofali, ndiye aliyesema, "Hii iwe ya Baba. Asiye na kitu aje acheze bure, thawabu zimwendee." Waligombania Jumamosi na Jumapili kwa muda mrefu, lakini kwa ugomvi wa watu wanaopendana. Matofali yakajengewa choo kipya.

Basi uwanja mmoja ukawa na tabia tatu. Siku za kaka zilikuwa za familia. Alikaa mlangoni na kanzu yake, akamkagua kila mtu viatu, akafunga kwa saa yake ya bandarini. Siku za mdogo vijana walikuja kutoka Changamwe na upande wa Airport, wengine wa bara, na lugha yao ambayo sikuielewa nusu, na spika zilitikisa mabati ya chuo changu. Shangazi alikuwa akisema, "Muziki wa mdogo wangu una mlango wa kuingilia, hauna wa kutokea." Lakini alikuwa akitikisa kichwa kuufuatisha, nilimwona.

Na yeye siku yake moja, Alhamisi, aliifanya ya wanawake.

Hilo mimi siwezi kulisimulia kwa kuona. Alizungusha maturubai juu ya ua, akaweka komeo mlangoni, na hakuingia mwanamume wala mvulana aliyebaleghe. Mabuibui yalitundikwa kwenye misumari ukutani, mengi, na ndani ikawa siku yao. Nilichosikia ni vigelegele. Nilisikia vicheko vya wanawake niliowafahamu maisha yangu yote kwa sauti ya chini tu. Wazee wawili watatu walikuja kunilalamikia. Nikawauliza, "Mmeona nini?" Wakasema hawakuona kitu. "Mmesikia nini?" Wakasema furaha. Nikawaambia furaha ya nyuma ya pazia haina hukumu kwangu, nendeni mkamuulize mwingine.

Mke wangu alisema hataki kusikia upuuzi ule. Kisha Alhamisi moja alirudi nyumbani amekunja mkono.

"Kiwiko kimepatwa na nini?"

"Mlango."

"Mlango wa wapi?"

"Mlango, Mwalimu. Milango iko mingi."

"Una nta kwenye kanga."

Akainama akaitazama kanga yake, akaniangalia, na mama yule mzima wa watoto saba akacheka mpaka akakaa chini. "Nimezunguka," akasema. "Nimezunguka mduara mzima! Mama Mchungaji alinishika mkono wa kulia, na mimi nikamshika wa kushoto, hatujui nani anamzuia nani." Mama Mchungaji alikuwa jirani yetu, mke wa mchungaji wa kanisa dogo la nyuma ya nyumba zetu, watu waliotoka bara. Alikuja Alhamisi amefunga kitambaa kichwani kwa heshima ya wenyeji, ingawa ndani hakuna aliyekuwa amefunga.

Mchungaji na mimi tulikutana nje ya ua ule Alhamisi nyingi, kila mtu akimsubiri wake. Alikuwa mtu mpole.

"Mwalimu, wa kwako naye ameingia?"

"Ameingia."

"Anasema anasindikiza tu."

"Wangu pia anasindikiza."

Tukasikia kishindo kikubwa, kisha kicheko.

"Huyo aliyeanguka," Mchungaji akasema, "nadhani ni msindikizaji wangu."

Miaka ikapita kwa namna hiyo, na nilizoea kudhani Sakafuni patakuwepo kama bahari inavyokuwepo. Kaka mkubwa akafariki, Mungu amsamehe na ampanulie kaburi lake. Siku zake zikawa za wanawe, watu wa ofisini, waliojenga Kiembeni na Nyali, wasiokuwa na haja ya kukaa mlangoni na kukagua viatu. Miaka ya tisini ilikuwa ikikaribia kwisha. Barabara ilikuwa imeongezeka magari, na mtu mmoja tajiri alitaka pahali pale pa kujenga kituo cha petroli. Wana wa marehemu wakakubaliana naye kwa maneno. Mdogo wake Shangazi, ambaye spika zake zilikuwa zimeshakufa, hakusema ndiyo wala la. Wakamwambia Shangazi asiwe na wasiwasi, fungu lake watamkatia, mwisho kule, atabaki nalo.

Shangazi alinitumia mtu. Ilikuwa siku ya Alhamisi, kabla ya alasiri, na nilishangaa kuitwa siku ile. Wanawake walikuwa wamekaa nje kwenye vivuli na mifuko yao, wakingoja, mke wangu miongoni mwao. Ndani niliwakuta wana wawili wa marehemu, mdogo wake Shangazi, na Mchungaji, ambaye Shangazi alimwomba aje asikie kama jirani. Nilikuwa nimekuja na wazee wawili wa msikitini wawe mashahidi, kama alivyotaka. Sote tulivua viatu kwa ajili ya nta.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya sakafu. Amekonda. Magoti yake sasa yalikuwa yakiuma kwelikweli, hata alipovaa magurudumu, na alikuwa na mwaka mzima hajavaa. Hakuwa na mtoto. Wote pale tulijua kwamba siku ya kufa kwake fungu lake litakwenda kwa mdogo wake, na mdogo wake amechoka.

"Shikamoo Shangazi," wana wakasema.

"Marahaba wanangu. Mwalimu, mtu mzima mwenye akili zake aweza kuweka wakfu kilicho chake?"

"Aweza."

"Hata kama hakijakatwa kikawekwa mbali na cha wenziwe?"

"Hata hivyo. Katika madhehebu yetu yafaa."

Akashika mkono wa kiti, akasimama. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa jicho. Akasema kwa sauti ile ile ya kufundishia:

"Shuhudieni. Fungu langu katika sakafu hii, moja katika matano, lililoenea kote, nimeliweka wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Watoto wa kike na mama zao wacheze hapa siku yangu, wa dini yoyote. Haliuzwi, halipewi mtu, halirithiwi."

Wazee wakasema wameshuhudia. Mchungaji, bila kuulizwa, akasema naye ameshuhudia. Nimesomesha mlango ule wa wakfu miaka yangu yote, na sikuwahi kuuona ukisimama kwa miguu miwili mbele yangu.

Mwana mkubwa wa marehemu alikuwa kijana mwenye adabu. Alikohoa.

"Shangazi, tumekubali. Ni haki yako, na Mungu akutakabalie. Basi tuonyeshe tu fungu lenyewe liko wapi, tulizungushie ua, lisiguswe. Sisi tutauza letu."

"Liko hapo uliposimama," Shangazi akasema.

Kijana akatazama miguu yake, akasogea.

"Na hapo pia."

Akasogea tena, hatua kubwa, kuelekea upande wa barabara, upande uliokuwa wa baba yake.

"Na hapo, mwanangu. Moja katika tano ya kila unapokanyaga. Mwambie mwenye petroli achimbe pale ambapo halipo."

Mdogo wake Shangazi akaanza kucheka, taratibu, kichwa chini. Wale vijana wawili wakatazamana. Nimesikia tangu siku ile wanasheria wana maneno marefu juu ya jambo hilo, na huenda kweli wanayo. Lakini mkubwa wa wale wawili hakuwa akiwaza wanasheria. Alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuinua, kama mtu aliyekanyaga mswala wa mwenzake, hajui pa kuuweka.

"Naam, Shangazi," akasema mwishowe. "Tumesikia. Nitamwambia atafute pengine."

"Mungu akupe umri. Weka mguu chini, utaanguka."

Kisha akatazama saa ya ukutani, akatutazama sisi sote, wazee, vijana na mchungaji, tumesimama na soksi zetu.

"Haya," akasema. "Wanaume tokeni. Leo Alhamisi."

Hatukupewa nafasi hata ya kuvaa. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na Mama Mchungaji alikuwa wa kwanza kuingia, mke wangu nyuma yake hakunitupia hata jicho. Tulitoka ubavu kwa ubavu, mimi nikiwa wa mwisho, viatu mkononi, na nyuma yangu komeo likaingia.